Maziwa Yasiyogandishwa

Shule ya Msingi Kwembezi
Handeni
14 Aprili 1975

Kaka Mwinjuma,

Shikamoo. Mama hajambo, goti lake ni lile lile, na anauliza kwa nini huandiki. Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa nisikilize kama mtu wa maabara, maana ukianza utani wako nitaichana barua yako kabla sijaimaliza.

Unajua mwaka huu mvua imetutupa mkono. Watu wanakula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na hata huo tunaupangia foleni. Shule tulibahatika kupata mifuko ya maziwa ya unga ya msaada, kila mtoto kikombe kimoja saa nne. Tangu Februari wamekuwa wakinywa na kunawiri. Hata waliokuwa wakisinzia darasani walianza tena kupigana uwanjani, nami nikashukuru.

Basi juma la kwanza la mwezi huu wakaanza kuumwa. Siyo mmoja wala wawili. Shule ina wanafunzi mia moja na wawili, na zaidi ya tisini wanashika matumbo muda mfupi tu baada ya kunywa. Tumbo linajaa, linanguruma, halafu ni mbio za chooni. Na vyoo vyenyewe ni viwili, kaka.

Wasioumwa ni watoto sita wa wafugaji wa Kikwavi waliohamishiwa kijijini mwaka jana, na watatu wa nyumba ya mwenyekiti wetu, Mzee Salimu.

Anayekoroga maziwa ni Naeku, mke wa Tiampati, mmoja wa hao wafugaji. Tulimpa kazi hiyo kwa sababu hapa hakuna mwingine anayeyajua maziwa. Sasa kijiji kizima kinasema Mkwavi ametia kitu kwenye sufuria, wa kwao amewakinga, na wale watatu wa mwenyekiti amewaacha ili ajipendekeze. Mama Zamda, ambaye binti yake Mwanaidi amelazwa zahanati siku mbili, alimfuata jikoni na mchi mkononi. Tuliuzuia mchi watu watatu. Mkutano wa kijiji umeitwa, na wapo wanaotaka familia ile ifukuzwe. Mwaka huu mtu asiye na kijiji hana jina kwenye orodha ya chakula. Wana watoto watano na ng'ombe wanne waliobaki, mbavu nje.

Nimempa kondakta wa basi la Korogwe chupa mbili, moja ya unga wa maziwa na moja ya maji yetu. Pima sumu zote unazozijua, na unijibu upesi.

Mdogo wako,
Hamisa


Maabara, Hospitali
Korogwe
22 Aprili 1975

Mwalimu Hamisa,

Marahaba. Mwambie mama naandika sasa hivi, anaona?

Chupa zimefika, moja imevuja kidogo kwenye soksi za kondakta, naye amenilaumu mimi. Nimepima kwa vifaa tulivyonavyo, na daktari ameangalia pia. Unga ni safi. Maji yana chumvi kama maji yote ya kwenu, lakini hayana cha kuwaumiza watoto tisini kwa mpigo. Sumu hakuna. Waambie hivyo kwenye mkutano.

Ila kuna jambo halinikai. Umesema Februari na Machi walikunywa wakanawiri, unga ule ule, maji yale yale, mkorogaji yule yule. Aprili wakaugua. Basi juma lile kuna kitu kilibadilika. Kitu gani? Sufuria mpya? Kuni? Mfuko uliofunguliwa? Mtu aliyeingia jikoni? Fikiri vizuri, usinijibu kwa hasira.

Kaka yako,
Mwinjuma


Kwembezi
30 Aprili 1975

Kaka,

Shikamoo. Nimefikiri vizuri na nakujibu kwa hasira. Hakuna kilichobadilika. Sufuria ni ile ile, kuni ni zile zile. Mimi ndiye mkuu wa jiko lile, kingebadilika kitu ningejua.

Majibu yako niliyasoma kwa Mzee Salimu. Akasema, "Sumu ya Mkwavi haionekani kwa mashine." Nikarudi nyumbani nimefura. Nikasema, haya, tutaona. Jumatatu nikamweka Naeku kando, nikakoroga mwenyewe mbele ya wazazi, maji yamechemka sawasawa, sufuria imesuguliwa mpaka unajiona sura. Watoto wakanywa, wakaumwa. Unafikiri walisema nini? Kwamba amekwisha kuiroga mifuko! Nikiyasimamisha maziwa, watoto wanapona, wanasema, mnaona sasa? Nikiyarudisha wanaumwa, wanasema, mnaona sasa? Watu hawa nitawashinda vipi?

Naeku hasemi neno. Anakuja asubuhi, anakaa nje ya jiko amejifunika shuka, anaondoka mchana. Nilimwuliza kama ana la kusema, akanitazama tu. Hilo nalo wanasema ni dalili ya hatia. Kuna siku mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilipomwona ananitazama vile niliwaza, je kama kweli?

Mkutano umesogezwa hadi katikati ya Mei. Mwulize huyo daktari wako. Nipe kitu cha kuwaonyesha watu, siyo "unga ni safi".

Hamisa


Korogwe
9 Mei 1975

Mdogo wangu,

Kaa chini usome polepole, maana hapa pana jambo, na mimi nimelilipia kwa tumbo langu.

Nilimpelekea daktari barua yako. Akacheka, akafungua kabati, akatoa jarida lake la utafiti. Kisha akaniambia, "Mwinjuma, kanywe nusu lita ya maziwa yasiyogandishwa, tumbo tupu." Nikanywa hapo hapo, pamoja na mlinzi wetu Moreto, mfugaji kutoka pande za kwenu, ili kuwe na mashahidi wawili. Moreto alifuta mdomo akauliza kama yamebaki mengine. Mimi kabla ya saa sita nilikwenda chooni mara tatu, na wauguzi walinisindikiza kwa makofi. Hakukuwa na sumu wala mchawi. Ng'ombe aliyekamuliwa nilimwona kwa macho.

Daktari akanieleza hivi. Maziwa yana sukari yake. Kuivunja sukari hiyo mwili unahitaji utomvu fulani tumboni. Mtoto anyonyaye anao. Akiachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani, mwili unafunga utomvu ule, maana hauna kazi tena. Baadaye ukimpa maziwa, sukari inabaki nzima, inachacha tumboni, na huo ndio mngurumo ulioniandikia.

Ni nani anauambia mwili ufunge? Hapo ndipo nilipomshika daktari tukakaa hadi chakula kikapoa. Anasema ndani ya kila chembe ya mwili, hata ya ngozi, mna nyuzi arobaini na sita, nyembamba hata hadubini yangu inaziona kwa taabu. Ishirini na tatu umepewa na baba, ishirini na tatu na mama. Kwenye nyuzi hizo yamepangwa maagizo yote ya kumjenga mtu, moja baada ya jingine: rangi ya jicho, urefu, na hili la kufunga au kutofunga utomvu wa maziwa. Kila mtoto anapotungwa maagizo yananakiliwa upya, na anayenakili hukosea mara moja moja. Makosa mengi hayana maana. Lakini zamani sana, kwa watu wanaoishi kwa ng'ombe, mmoja alizaliwa na agizo lililokosewa, na mwili wake haukufunga. Ukaja mwaka wa njaa kama huu. Yeye akanywa maziwa akaishi, wenzake wakaharisha wakafa. Watoto wake wakarithi, wakazaa wengi, na vizazi vikapita kwa mamia hadi leo Moreto anaomba nusu lita ya pili.

Kwa hiyo waliobadilika ni wao. Sisi wakulima tumebaki kama binadamu wa mwanzo. Hatujapungukiwa kitu, wala wao hawana dawa ya kujikinga. Na wale watatu wa nyumba ya mwenyekiti, mwulize mzee mwenyewe taratibu bibi yake alitoka wapi. Nina hakika utasikia jina la boma la wafugaji.

Waeleze watu hivyo, kwa maneno yako. Usisome barua hii mkutanoni. Nimekuandikia wewe.

Mwinjuma


Kwembezi
19 Mei 1975

Kaka,

Niliisoma.

Usianze. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu mwenyewe kwenye karatasi, lakini nilipofika kwenye nyuzi arobaini na sita mzee mmoja akasema, "Huyu binti anatoa kichwani." Nikaona bora wasikie ya mtu wa hospitali. Nikatoa barua yako nikaisoma neno kwa neno.

Kwenye choo chako walicheka, na nikadhani nimewapata. Nikafika kwenye "sisi wakulima tumebaki kama binadamu wa mwanzo". Kisha Mama Zamda akasimama. "Yaani mwanangu ni nyani? Wakwavi ndio watu, sisi bado?" Ala! Mkutano ukalipuka. Nikapaza sauti kwamba sivyo, kwamba wa mwanzo maana yake ni wa asili, hakuna aliye bora. Nani atakusikia? Nami kwa kupaparika, ili niwaonyeshe kwamba hili si jambo la kabila, nikasoma na yale ya bibi wa mwenyekiti.

Kaka, sijawahi kumwona Mzee Salimu vile. Kumbe ni kweli, na kumbe ni jambo ambalo ukoo wao umelifunika miaka themanini: bibi yake alichukuliwa bomani mwaka wa njaa, akabadilishwa jina. Watu wazima wote wanajua na hakuna anayelisema. Akasimama. Akasema tumeapa kwamba binadamu wote ni ndugu zetu, na leo mwalimu wa serikali anatuletea barua ya kugawa watu kwa damu. Akasema huo ni ukabila na ataniandikia wilayani. Kitu kile kile kilichonifanya nimtetee Naeku ndicho alichonipigia nacho.

Kura ikapigwa kwa mikono. Wanaotaka familia ya Tiampati waondoke ndani ya siku saba walikuwa wengi hata hawakuhesabiwa. Waliokataa tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa kiziwi, sina hakika alielewa swali.

Tiampati alisimama, akasema kwa upole, "Serikali ilituambia tuje hapa. Sasa mnatuambia twende. Tufuate ipi?"

Nimechoka. Una sayansi yako nzuri na daktari wako mzuri, na imenisaidia nini?

Hamisa


Korogwe
24 Mei 1975

Hamisa,

Nilikuambia usiisome. Mdomo huponza kichwa, na safari hii umeponza kichwa cha mwenzako. Kosa langu pia lipo, niliandika kama ninayempasha habari dada yangu, na yale ya bibi wa mzee wa watu hayakuwa ya kuandikwa kabisa. Nikiwahi nitakuja kumwomba radhi mimi mwenyewe.

Lakini kuna swali limenikosesha raha siku tatu, na nakuuliza kwa mara ya pili.

Bibi yetu Mzigua wa kufa na kuzikwa, je, hakuwa akibadilisha mahindi kwa maziwa ya wafugaji kila gulio? Tulikunywa sote. Mimi nilikuwa nakunywa kata mbili nikilamba na vidole. Hatukuharisha. Nimemwuliza daktari, naye akajipiga paji la uso. Yale yalikuwa maziwa mgando! Yakigandishwa, vijidudu vya mgando vinaila sehemu kubwa ya sukari ile kabla haijafika tumboni kwako, na vinavyobaki vinakusaidia kuimaliza. Ndiyo maana wafugaji wamewauzia wakulima maziwa miaka yote bila ugomvi. Waligandisha.

Sasa nieleze. Februari na Machi watoto walikunywa bila kuumwa. Watoto tisini wa Kizigua hawawezi kunywa maziwa freshi miezi miwili bila kuumwa. Haiwezekani, maagizo yao hayaruhusu. Kwa hiyo hawakuwa wakinywa freshi. Walikuwa wakinywa nini, Hamisa? Na nani aliyaondoa?

Usiniambie tena hakuna kilichobadilika. Mimi ndiye niliyekufundisha kusema uongo ulipovunja chungu cha mama, nakujua.

Mwinjuma


Kwembezi
2 Juni 1975

Kaka,

Wameondoka. Walitoka siku ya sita, alfajiri, hawakusubiri ya saba. Sijui walikoelekea. Kwa hiyo naandika sasa, wakati hakuna faida.

Alikuwa akigandisha. Naeku alikuwa anakoroga unga mchana na kuutia kwenye vibuyu vyake, na asubuhi anatoa mgando. Nilijua. Watoto waliupenda. Ulikuwa na vijichembe vyeusi, maana wao wanasafisha kibuyu kwa kijinga cha moto, wanasugua ndani mpaka kinanukia moshi, ndiyo desturi yao. Mwishoni mwa Machi ikaja barua kutoka wilayani kwamba maziwa ya msaada yakorogwe kwa maji yaliyochemka, yanywewe saa hiyo hiyo, na vyombo vya kienyeji visitumike. Na mkaguzi alikuwa anakuja. Niliona aibu, kaka. Mkaguzi akute masizi kwenye kikombe cha mtoto, shuleni kwangu, mimi niliyepata cheti cha somo la afya?

Nikamwambia Naeku aviondoe vibuyu. Akasema, "Mwalimu, hawa si watoto wa ng'ombe. Ukiwapa haya hayajalala, yatawakata." Alisema hivyo hivyo, kwa Kiswahili chake, na akarudia. Nikamwambia asinifundishe kazi. Siku ya pili nikakuta kibuyu kimoja bado kimejificha nyuma ya kuni. Nikavikusanya vyote saba, nikawapanga watoto mstari, nikavitia moto uwanjani. Nikakifanya kipindi cha usafi. Niliwauliza, "Uchafu unaleta nini?" wakajibu kwa pamoja, "Magonjwa!" Naeku alikuwa amesimama pale mlangoni mwa jiko. Baadaye nilisikia vitano kati ya hivyo alipewa na mama yake siku aliyoolewa.

Juma lililofuata watoto wakaanza kuumwa.

Unaelewa sasa kwa nini kijiji kilisema ni yeye? Walisema analipiza vibuyu vyake. Ningekuandikia kilichobadilika ningekuandikia hayo yote, na ningekuwa mimi ndiye chanzo. Nikajiambia vibuyu havihusiani. Nilijiambia hivyo kila siku. Ulipouliza nikakasirika kwa sababu ulikuwa umepagusa.

Nisaidie nifanye nini.

Hamisa


Korogwe
7 Juni 1975

Hamisa,

Nimesoma barua yako mara mbili na sikupata la kukufariji, kwa hiyo sitatafuta.

Umeniungamia mimi. Mimi si mwenyekiti wa Kwembezi, wala sikufukuza mtu. Simama mbele ya wale wale, mahali pale pale, useme ulichoniandikia. Usiseme nyuzi, usiseme binadamu wa mwanzo, usitaje bibi wa mtu. Sema vibuyu. Kisha uwape watoto mgando mbele yao, wawaone.

Moreto anasema ana ndugu upande wa Mazinde, na watu wakiondoka huko kwenu na ng'ombe wachache hupita kuko huko. Nitauliza.

Mwinjuma


Kwembezi
16 Juni 1975

Kaka Mwinjuma,

Shikamoo. Nimesema.

Nilisimama Jumamosi. Nilisema nilionywa nikakataa, nikachoma mali ya mtu mbele ya watoto, nikanyamaza alipofukuzwa. Niliwaambia hakuna aliyewaroga watoto wao isipokuwa mwalimu wao na cheti chake. Mama Zamda alilia, halafu akanitukana, halafu akalia tena. Akutukanaye hakuchagulii tusi, nikasimama nikapokea yote. Mzee Salimu hakuniangalia hadi mwisho. Kisha akasema, "Bibi yangu naye alikuwa akisafisha kibuyu kwa moto. Mama alikivunja bibi alipokufa, tusionekane nacho." Akaketi.

Tuliazima mgando kidogo kwa mfugaji wa kijiji cha pili, nikagandisha kwenye ndoo. Nusu yake imeoza na nimeimwaga, sijui ninakosea wapi. Nusu iliyofaa tuliwapa darasa la pili, na hakuna aliyeumwa. Mwanaidi alikunywa kikombe kizima akaomba kingine, na mama yake alisimama pale hadi kengele ya kutoka, akimwangalia tumbo.

Wamepiga kura tena. Wote wanataka Naeku na Tiampati warudi. Mzee Salimu amerudisha majina yao kwenye orodha ya chakula kabla hata hawajapatikana, na vijana wameiezeka upya nyumba yao. Kaka, mtafute. Mwambie hata mimi nitaomba nihamishwe shule akitaka. Mwambie naomba anisamehe. Niandikie atakalosema, lote, usinipunguzie.

Hamisa


Korogwe
29 Juni 1975

Hamisa,

Nimempata. Moreto alinipeleka Mazinde, kwa binamu yake Parit, ambaye amewapa pembe ya boma. Ng'ombe wamebaki wawili. Mtoto wao mdogo, Simaloi, ana homa, nimempelekea dawa. Majina yao hayamo kwenye orodha ya huko pia. Naeku anauza mgando kwa abiria wa mabasi pale Mombo, kikombe kimoja kimoja, na Wasambaa wanausifu.

Nilimsomea barua yako yote, pamoja na majina kurudishwa na nyumba kuezekwa. Alisikiliza akiendelea na kazi. Nikamwambia nina karatasi, aseme nami nitaandika. Haya ni ya kwake:

"Mwalimu. Nimesikia. Mgando wako unaoza kwa sababu ndoo haikuungua. Tafuta mti mgumu usio mchungu, uchome kijinga, usugue ndani ya kibuyu, utoe majivu kwa mkia wa ng'ombe. Tia kidogo cha jana, kisha ndiyo utie maziwa, yakiwa yamepoa. Usiyatikise. Usifungue kabla ya asubuhi. Kwanza onja wewe mbele ya watoto, ndipo uwape. Watoto hawakunikosea.

Nilikuambia mara mbili. Nilikuambia kabla daktari hajakuambia, na nilikuambia bure. Uliponiita baadaye uniulize kama nina la kusema, nilikuwa nimekwisha kulisema.

Mwenyekiti ashukuriwe kwa orodha. Mume wangu akitaka kwenda, ataenda, ni mwanaume na watoto wana njaa. Mimi sirudi kukoroga maziwa ya mtu aliyewaimbisha watoto kwamba mimi ni magonjwa. ~~Nimekusamehe.~~ Ni mimi Naeku."

Niliyokata kwa wino niliyaandika mimi. Niliona barua inaishia vibaya. Nilipomsomea akanizuia hapo, akauliza neno lile limetoka wapi, maana yeye hakulisema. Akasubiri nilikate ndipo akaweka kidole gumba.

Mwinjuma